Mkwaruzo kwenye shafti: jinsi ya kujua kama ni wa kuogopa

Shafti ikikatika watu hukimbilia kusema chuma kilikuwa feki, ila angalia pale ilipokatika, mara nyingi kuna upande una mistari kama ya gamba la kombe, ifuate mpaka inapobana na hapo utakuta kakitu kadogo tu, alama ya grainda, kishimo cha kutu, au namba mtu aligonga kwa nyundo.

Sasa kabla haijafika huko, isafishe, mulika tochi kwa ubavuni, alafu pitisha ukucha. Ukikwama pima kina. Angalia na uelekeo, mkwaruzo unaozunguka shafti kama pete ndo mbaya, ule wa kwenda na urefu hausumbui sana kama shafti inapinda tu (ikiwa inasokotwa pia usijipe moyo, hapo chuma kinavutwa kwa mshazari).

Hesabu yake alitupa Mjapani Murakami: chukua ugumu wa chuma kwa kipimo cha Vickers, jumlisha 120, zidisha 1.43, gawa kwa mzizi wa 6 wa ukubwa wa kasoro kwa mikroni. Kwa mkwaruzo mrefu, ukubwa huo ni kina mara 3.16. Jibu ni mkazo ambao chuma kinahimili bila kukatika, kwa megapaskali, kwa shafti inayozunguka huku imebeba mzigo.

Mfano mkwaruzo wa milimita 0.05, yaani mikroni 50, ukubwa unakuwa 158. Chuma cha ugumu 200 kikiwa safi kinahimili kama 320 (ugumu mara 1.6), na huo mkwaruzo kinashuka mpaka 197 hivi. Cha ugumu 500 kinatoka 800 mpaka 381, chini ya nusu! Ndo maana nashangaa mtu anabadilisha anaweka chuma kigumu zaidi alafu anakiacha na michirizi ya grainda, hela yote imeliwa na mkwaruzo.

Kuurekebisha, tumia msasa wa chenga kubwa kwenda laini, na viboko vya mwisho viende na urefu wa shafti. Usichimbe pale pale, tandaza pana mpaka ukucha upite bila kugundua kitu, na hakikisha kipenyo bado kinaruhusu. Kujaza kwa weldingi hapana kabisa, unaongeza balaa juu ya balaa. Mwisho pulizia ile rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa, ikionyesha mstari hiyo shafti itupe tu. Ikiwa safi paka oili hapo hapo, jasho la vidole linatosha kuanzisha vishimo vingine.