Kuonja Gattinara kando ya Barolo, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuhudumia mvinyo mezani. Mgeni akiniuliza Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, ina nini hasa cha kusifiwa hivyo, simpi maelezo, namwekea glasi mbili: Barolo yenyewe, na Gattinara ambayo pengine hajawahi kuisikia. Zote zinatoka Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na zabibu yao kuu ni ileile, nebbiolo, ingawa watu wa Gattinara huiita spanna. Kwa kuwa zabibu kuu ni moja, sehemu kubwa ya tofauti utakayoikuta kwenye glasi imetoka kwenye udongo, hali ya hewa na mkono wa mtengenezaji.

1. Nunua chupa zinazolingana

Hapa ndipo wengi hukosea. Tafuta mwaka mmoja wa mavuno (2016 ulikuwa mzuri pande zote mbili), na usipambanishe riserva (mvinyo uliokaa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa) na chupa ya kawaida. Kwa sheria, Barolo hukaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Gattinara hukaa miezi 35, lakini 24 ni ya mapipani. Riserva za pande zote mbili hungoja zaidi: miezi 62 kwa Barolo, 47 kwa Gattinara.

Soma na kilichomo. Barolo ni nebbiolo tupu. Gattinara inaruhusiwa kuchanganywa hadi asilimia 10 ya zabibu nyingine za kwao, vespolina na uva rara. Wengine huchanganya, wengine hawataki kabisa. Bei ya Gattinara kwa kawaida ni nafuu, ila kuipata ni shughuli: mashamba yake hayafiki hata hekta 150, wakati ya Barolo yanapita 2,000.

2. Ipoze

Ukisoma kwamba mvinyo mwekundu unywewe “kwa joto la chumba”, jua chumba kinachosemwa ni cha mawe, cha Ulaya, wakati wa baridi. Siku zangu za mwanzo niliwahi kumimina Barolo iliyoshinda kabatini kwenye nyuzi 30. Ilinuka spiriti tu, na mgeni alilipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakukionja. Tia chupa zote mbili kwenye friji mapema, lengo likiwa nyuzi 16 hadi 18.

3. Fungua mapema, ficha majina

Saa moja au mbili kabla, mimina kila mvinyo kwenye jagi safi la kioo lisilo na harufu ya sabuni. Mwambie mtu mwingine amimine kwenye glasi na kuweka alama chini yake bila wewe kuona. Usiruke jambo hili. Nimeshuhudia watu wakiisifu glasi waliyodhani ni ya bei kubwa, kumbe sivyo.

4. Tazama

Zote mbili zitakuwa hafifu kwa rangi, zenye wekundu wa matofali na ukingo unaoelekea rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo nebbiolo. Usipoteze muda hapa.

5. Nusa

Zungusha glasi, nusa, pumzika, nusa tena. Waridi na lami utavikuta kote. Barolo mara nyingi huja na tunda lililoiva zaidi, na uzito fulani. Gattinara hujificha mwanzoni, kisha hutoa ganda la chungwa, kitu kama chuma au jiwe lililonyeshewa, na pilipili manga ikiwa vespolina imo.

Sababu iko chini ya mizabibu. Vilima vya Barolo ni tope la bahari ya kale lililogeuka udongo wa chokaa na mfinyanzi. Gattinara, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, karibu na mto Sesia, imekaa juu ya mawe ya volkano iliyolipuka miaka milioni 280 hivi iliyopita, na udongo wake una asidi. Tena iko jirani na Alpi, upepo wa mlima Monte Rosa ukishuka usiku.

6. Onja

Anza na unayodhani ni nyepesi. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, sikiliza fizi. Ule ukakasi unaokausha ulimi kama bibo au ndizi mbichi ndio tanini. Kwenye Barolo hushika mdomo mzima na kukaa. Kwenye Gattinara ni mwembamba zaidi, ila uchachu uko juu na mate hujaa mdomoni mara moja. Andika neno moja kwa kila glasi kabla hujazungumza na mwenzako.

7. Rudia na chakula

Nyama yenye mafuta hulainisha tanini, kwa hiyo mbavu za mbuzi za kuchoma zitaipendelea Barolo. Gattinara mimi naipenda zaidi na uyoga, au kuku wa kuchoma asiye na pilipili. Pilipili kali huiharibu mivinyo yote miwili, huongeza uchungu na moto wa kileo.

Kitakachobaki, aliyeweka alama akirudishe chupani, afunge, aweke kwenye friji. Kesho jioni akumiminie tena bila wewe kuona, onja, ndipo ufunue alama zilizo chini ya glasi. Mara kadhaa nimebadili chaguo langu siku hiyo ya pili, na mara nyingi nimehamia Gattinara.