Jinsi ya kuandaa rekodi ya bingwa wa langalanga: hesabu za Juan Manuel Fangio

Juan Manuel Fangio wa Argentina alipata pointi ngapi katika Formula 1? Vitabu vingine vinasema 245, vingine 277 na 9/14. Vyote viko sahihi: 277 na 9/14 ni pointi zote alizovuna, 245 ni zile zilizohesabiwa kwenye ubingwa. Ili uelewe tofauti hiyo, usinakili jumla ya mtu. Jenga jedwali mwenyewe, mbio kwa mbio.

Weka safu za mwaka, mbio, gari, nafasi ya kuanzia, nafasi ya kumaliza, mzunguko wa kasi zaidi, dereva aliyeshiriki naye gari (enzi hizo madereva waliweza kupokezana gari katikati ya mbio), pointi alizovuna na pointi zilizohesabiwa kwenye ubingwa. Hizo mbili za mwisho zisikae safu moja, maana hapo ndipo rekodi nyingi huharibika.

Juu ya kila msimu andika kanuni ya pointi ya mwaka huo. Kuanzia 1950 hadi 1959, watano wa kwanza walipata 8, 6, 4, 3 na 2, na mwenye mzunguko wa kasi zaidi akaongezewa 1. Mshindi alipewa 9 kuanzia 1961, 10 kuanzia 1991, na 25 tangu 2010. Kwa hiyo kupanga madereva wa enzi tofauti kwa jumla ya pointi ni kazi bure. Gawanya ushindi kwa mbio walizoanza: Fangio alishinda 24 kati ya 51, yaani asilimia 47, Michael Schumacher 91 kati ya 306, karibu asilimia 30.

Sasa jaza, tuanze na 1951. Uswisi alishinda na kuweka mzunguko wa kasi zaidi: 9. Ubelgiji gurudumu liligoma kutoka wakati wa kubadilishwa, akamaliza wa 9, lakini mzunguko wa kasi zaidi ulikuwa wake: 1. Pointi hiyo hupotea kirahisi kwa anayetazama nafasi ya kumaliza tu. (Monaco 1955 ni vivyo hivyo: hakumaliza, akapata 1.) Ufaransa alichukua gari la Luigi Fagioli na kushinda nalo, pointi 8 za ushindi ziligawanywa, akabaki na 4, pamoja na 1 ya mzunguko: 5. Uingereza 6, Ujerumani 7, Italia hakumaliza, Hispania 9. Jumla ni 37. Lakini mwaka huo yalihesabiwa matokeo manne bora tu: 9, 9, 7 na 6, yaani 31. Andika zote mbili.

Kuanzia 1954 hadi 1957 yalihesabiwa matano bora. Fangio alivuna 57 na 1/7 mwaka 1954 zikahesabiwa 42. Mwaka 1955, 41 zikawa 40. Mwaka 1956, 33 zikawa 30. Mwaka 1957, 46 zikawa 40. Kanuni ya kutupa matokeo iliendelea hadi 1990, nayo iliamua ubingwa wa 1988: Alain Prost alivuna 105 dhidi ya 94 za Ayrton Senna, lakini zilizohesabiwa zilikuwa 87 kwa 90, Senna akawa bingwa.

Ile 1/7 inatoka Silverstone, Uingereza, 1954. Muda ulipimwa kwa sekunde nzima, madereva saba wakalingana kwa mzunguko wa kasi zaidi, pointi moja ikakatwa vipande saba. Ukiandika 1/7 kwenye jedwali la kompyuta, programu huenda ikaigeuza kuwa tarehe; andika =1/7. Nusu pointi inatoka Uswisi 1953, alipomaliza wa nne kwa gari aliloshiriki na Felice Bonetto: 3 gawa kwa 2. Nusu ukiijumlisha na 1/7 unapata 9/14. Jumla yako isipoishia hapo, kuna mstari umekosea.

Mwaka 1952 usiuache wazi bila maelezo. Fangio alivunjika shingo Monza, katika mbio zisizo za ubingwa wa dunia, akakosa msimu. Mbio za aina hiyo ziwe na jedwali lake.

Safu ya ushindi nayo iwe na alama kwa ushindi wa gari la kushirikiana. Kati ya 24 za Fangio, mbili ni hizo: Ufaransa 1951, na Argentina 1956 pamoja na Luigi Musso. Adhabu pia zina safu yake: mwaka 1997 Schumacher aliondolewa kwenye msimamo wa ubingwa kwa kumgonga Jacques Villeneuve huko Jerez, lakini ushindi wake wa msimu huo ulibaki kwenye rekodi.

Njia hii inafaa hata kwa mbio za nyika. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Zote ni za ubingwa wa dunia, ila mwaka 1973 ubingwa ulikuwa wa watengenezaji magari peke yao; wa madereva ulianza 1979. Kwa hiyo ushindi wa 1973 uingie kwenye idadi ya ushindi, na safu ya pointi za dereva ibaki tupu.