Kabla hujamimina dawa kwenye tangi la dizeli

Kabla ya kununua chupa yoyote ya dawa ya dizeli, jaribu kulieleza tatizo la lori kwa sentensi moja. "Asubuhi linasumbua kuwaka na linatoa moshi mweupe." "Filta zinaziba mapema." "Likiwa na mzigo halivuti mlimani." Ukikosa sentensi ya namna hiyo, huna unachokitibu, hela ibaki mfukoni. Ukiwa nayo, bado usikimbilie dukani. Lori lisilovuta mlimani mara nyingi lina filta ya hewa iliyojaa vumbi, paipu ya turbo inayovuja, au nozeli za kunyunyiza mafuta zilizolika. Dawa huweza kuosha utando kwenye nozeli, lakini tundu lililolika haiwezi kulirudisha.

Anza na maji. Fungua koki ya chini ya chujio la maji, kinga dizeli kwenye chupa safi ya kioo, kisha iache itulie. Dizeli nzuri hung'aa na kupitisha mwanga. Ikiwa na ukungu, ina maji. Ukiona na utelezi mweusi pale maji yanapokutana na mafuta, hao ni bakteria na kuvu, kwani hapo ndipo wanapoishi. Maji huingia kwa mfuniko uliolegea, hutoka kwenye tangi la kituo, au ni unyevu wa hewa uliogeuka matone ndani ya tangi lililolala nusu tupu. Katika injini za sasa, ambazo shinikizo la mafuta linaweza kupita bar 2,000, hata maji kidogo huharibu nozeli.

Ndiyo maana dawa za maji zinahitaji kusomwa vizuri. Ziko zinazoyatenga maji yazame chini uyamwage, na ziko zinazoyasambaza ndani ya mafuta ili yapite na kuungua. Kwa injini ya shinikizo kubwa mimi nachagua za kutenga, kisha namwaga maji kwenye chujio mpaka yaishe. Dawa zenye alkoholi nazikwepa kabisa. Mvuke wa dizeli huanza kushika moto kwenye nyuzi zaidi ya 50 za selsiasi. Ethanoli, ambayo ni alkoholi, hufika hapo kwenye nyuzi kama 13 tu, kwa hiyo ukiichanganya umeligeuza tangi lako kuwa kitu cha kushika moto upesi. Petroli nayo vilevile, hata kwa kipimo kile "kidogo tu" ambacho madereva wa zamani watakushauri.

Kama tatizo ni vijidudu, dawa ya kuwaua ni sumu na si ya kushikwa kwa mikono mitupu. Tena vikishafa mabaki yake huelea na kuziba filta, hivyo tangi lililochafuka sana lisafishwe kwanza.

Dawa za kupandisha setani, yaani kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka ndani ya injini, husaidia pale mafuta yenyewe yanapokuwa dhaifu. Kiwango cha Ulaya kinataka setani isipungue 51, cha Marekani 40. Lori linalojazwa mafuta yaliyofika 51 huenda lisionyeshe tofauti yoyote. Za kulainisha pampu zina sababu ya kweli: kuondoa salfa kiwandani hadi sehemu 10 au 15 kwa milioni huondoa pia vitu vya asili vinavyolainisha. Lakini mafuta yanayofuata viwango hurudishiwa kilainishi kabla ya kufika kituoni, kwa hiyo anayejaza mahali pa kuaminika huenda analipia mara mbili. Dawa za kukabili baridi kali zimiminwe kabla nta iliyomo kwenye dizeli haijaanza kuganda. Ikishaziba filta, dawa hizo za kawaida haziyeyushi kitu. Na chupa inayodai kufanya yote haya kwa pamoja, halafu ipunguze na ulaji wa mafuta, mimi huirudisha kwenye rafu.

Lori lenye filta ya masizi kwenye bomba la moshi lina masharti yake. Masizi huungua yakaisha, ila majivu ya madini hayaungui, hujaa humo mpaka filta itolewe. Kwa hiyo dawa yenye madini isitumike bila idhini ya mtengenezaji wa injini, na oili chakavu isitiwe kwenye dizeli hata tone. AdBlue nayo, ile ya kusafisha moshi, si dawa ya mafuta. Ni maji yenye urea asilimia 32.5 na ina tangi lake peke yake. Ikimiminwa kwa makosa kwenye dizeli, usiguse swichi hata kidogo, maana pampu inaweza kuanza kuivuta. Ita fundi tangi litolewe mafuta yote, lori likiwa limezimwa hivyo hivyo.

Fungua kitabu cha lori usome kinasemaje kuhusu viongezi, hasa kama waranti bado ipo. Kwenye lebo tafuta kiwango cha salfa, aina ya injini na kipimo.

Kipimo hupigiwa hesabu kwa lita za mafuta, si kwa ukubwa wa tangi. Dawa ya 1 kwa 1,000 ni mililita moja kwa lita: tangi la lita 400 lenye lita 150 zilizokwisha kutiwa dawa, ukiongeza 250, unahitaji mililita 250 tu. Tumia kikombe cha kupimia. Mimina dawa kwanza, mafuta yafuate yaichanganye. Kuzidisha hakuongezi nguvu, na kuchanganya dawa za watengenezaji wawili kunaweza kuzaa utelezi unaofanana na sabuni kwenye filta. Ukianza dawa ya kuosha kwenye lori la zamani, beba filta ya akiba, kwa sababu uchafu uliokuwa umelala utaamka.

Zima injini, vaa glavu za mpira usiopenywa na mafuta na miwani, simama penye hewa. Sigara mbali. Baadhi ya dawa za setani huleta maumivu makali ya kichwa ukivuta mvuke wake, na haifai kuziacha kwenye kabini lenye joto. Zibaki kwenye chupa yake, kamwe si chupa ya maji ya kunywa. Utingo mwenye kiu hasomi lebo. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwani mafuta yakiingia mapafuni ni hatari zaidi. Apelekwe hospitali pamoja na chupa.

Ukishaanza, usibadilishe kitu kingine kwa wakati huohuo. Andika lita, kilomita na uzito wa mzigo kwenye njia ileile kwa matangi kadhaa. Tatizo likibaki vilevile, acha kununua, upeleke nozeli zikapimwe kwenye mashine.