Picha za mahafali Mwanza: kofia ndiyo inayochagua saa

Msimu wa mahafali ukikaribia, Novemba kuelekea Desemba, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, tupigie wapi?" Wengine wanataka rasi ya Capri Point, wengine Jiwe la Bismarck lililo Ziwa Victoria, wengine palepale chuoni, Malimbe au kilimani Bugando. Kote huko ni kuzuri. Ila mimi huanza na saa kabla ya mahali, kwa sababu nilishaumia.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilimpiga picha binti mmoja juu ya mawe saa 7 mchana. Ziwa linang'aa, joho limenyooshwa vizuri, mwenyewe anacheka. Mama yake, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Magu, akaomba aone kwenye kioo cha kamera. Akatazama, akaisogeza karibu, akaniuliza kwa upole: "Baba, mbona mwanangu hana macho?" Kweli hakuwa nayo. Kuanzia kwenye nyusi mpaka katikati ya pua palikuwa na utepe mweusi, kivuli cha ule ubao mraba wa kofia, na chini yake ncha ya pua na mashavu yanameta kwa jasho. Nikapitia picha zote, arobaini na kitu. Zote hivyo hivyo. Na joho lilikuwa la kukodi, linarudishwa siku hiyo hiyo.

Kofia ya mahafali ni paa dogo. Jua likiwa juu, paa linafanya kazi yake ya kuweka uso kivulini. Jua likishuka, mwanga unapita chini ya paa na kuingia machoni. Kwa hiyo unachotafuta ni saa ambayo jua limeinama vya kutosha, na kuijua hakuhitaji programu yoyote ya simu.

Hatua ya 1: Pima kivuli chako

Nenda mahali unapotaka kupigia, siku moja au mbili kabla, ukasimame juani. Tazama kivuli chako chini.

Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, kofia itakula macho. Usianze. Kikilingana na wewe, jua liko nusu ya safari kati ya upeo na utosi. Hapo inawezekana, lakini mhitimu itabidi ainue kidevu. Kikifika karibu mara mbili ya urefu wako, anza kazi. Kipime kwa miguu: weka alama pale kichwa cha kivuli kinapoishia, kisha tembea kisigino kwa kidole mpaka hapo. Watu wengi urefu wao ni kama miguu yao sita na nusu, hivyo ukihesabu kumi na moja au kumi na mbili uko salama. Ukiwa na kofia mkononi ni rahisi zaidi: mvalishe mtu, simama mbele yake, angalia kama unaona nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Nukta ikiwepo, picha itakuwa na uhai.

Hatua ya 2: Ihamishie kwenye saa ya ukutani

Hapa kwetu, katikati ya Novemba, jua linachomoza karibu saa 12:26 asubuhi na kuzama karibu saa 12:40 jioni. Mwanzoni mwa Desemba vyote viwili vinasogea mbele kwa dakika tano hadi saba. Katika kipindi hicho kivuli kinalingana na mtu karibu saa 3:40 asubuhi, na tena karibu saa 9:25 alasiri. Kinafika karibu mara mbili ya mtu kabla ya saa 2:40 asubuhi, na jioni kuanzia saa 10:30.

Kwa hiyo dirisha la asubuhi ni saa 1 hadi saa 2:40, na la jioni ni saa 10:30 hadi jua linapozama. Ukipigia kati ya saa 4 na saa 9, jua linakuzidi nguvu, hata ukiwa na kamera ya mamilioni.

Mpiga picha aliyezoea Dar es Salaam ajue kwamba sisi jua linatuachia dakika kama 20 zaidi jioni, kwa kuwa tuko magharibi na saa yetu ni moja. Lakini ile rangi ya dhahabu kabisa haidumu. Karibu na Ikweta jua linashuka wima, halilali pembeni kama nchi za kaskazini. Kuanzia saa 11:50 mpaka 12:35 ndiyo yote uliyo nayo. Mhitimu akichelewa saluni nusu saa, amekula zaidi ya nusu ya dhahabu yake. Mwambie hivyo mapema, kwa upendo, na umpe miadi ya saa 10:30.

Hatua ya 3: Jua ziwa liko upande gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mji wa Mwanza umekaa ukingo wa mashariki wa ghuba, hivyo kwa sehemu kubwa ya ufukwe wetu jua linatoka nyuma ya vilima na kuzama upande wa maji. Novemba linazama kusini kidogo ya magharibi, kwa hiyo picha nzuri uliyoipiga Julai haitakaa vilevile.

Ukitaka ziwa nyuma na uso wenye mwanga, piga asubuhi. Mhitimu analigeuzia ziwa mgongo, jua linamtazama usoni. Bismarck asubuhi linapendeza kuliko watu wanavyodhani: jiwe linaangazwa mbele, mipasuko yake inaonekana, maji yametulia. Kasoro yake ni vilima. Sehemu zilizo chini ya mlima hazipati jua mara tu linapochomoza, kwa hiyo nenda ukaangalie kwanza linafika hapo saa ngapi.

Jioni mimi hufanya kinyume cha mazoea. Namgeuza mhitimu alitazame ziwa, mimi nakaa upande wa maji, na nyuma yake inabaki Mwanza yenyewe: vilima, nyumba zilizopandana juu ya mawe, mabati yanayoshika rangi ya jua. Kila mtu ana picha ya machweo. Picha ya msomi na mji uliomlea nyuma yake, uso wote ukiwa rangi ya asali, ndiyo naona wazazi wanaitundika sebuleni. Dakika kumi za mwisho ndipo nambadilisha, jua linakaa nyuma yake, tunapata ile ya umbo jeusi, kofia juu na kishada kinaning'inia.

Wa Musoma na ninyi mnazamiwa na jua majini, fuateni utaratibu huu huu. Wa Bukoba geuzeni: kwenu jua linatoka ziwani.

Usimwingize mtu majini kwa ajili ya picha. Penye maji yaliyotulia na majani ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Jiwe kavu linatosha.

Hatua ya 4: Panga siku kuzunguka joho na familia

Uliza mambo mawili: joho linachukuliwa lini, na linarudishwa lini. Likitolewa siku moja kabla ya sherehe, piga picha za mhitimu peke yake jioni hiyo. Hana njaa, hana jasho, hajalia, nguo haijakunjika. Siku ya mahafali yenyewe ibaki ya familia.

Sherehe nyingi zinaisha mchana, jua likiwa kali, na kila mtu anataka picha hapo hapo getini. Wapigie, kwa sababu shangazi aliyeshika maua hawezi kusubiri, lakini wapigie kivulini, kisha uombe kundi dogo libaki mpaka saa 10:30. Zamani jambo hili lilikuwa gumu kwa ndugu wa Sengerema na Geita, mawazo yao yote yalikuwa kwenye foleni ya kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, wanaweza kukaa mpaka jua lizame na bado wakalala kwao. Wa Ukerewe waulize boti yao ni saa ngapi, uwapige kwanza.

Wazee waanze siku zote. Bibi akisimama dakika ishirini juani uso wake unachoka, na huo uso ndio mjukuu atautafuta kwenye picha miaka ijayo. Mtafutie kiti, msalimie kwa Kisukuma kama unakijua, mpige akiwa amekaa na mjukuu amechuchumaa pembeni.

Hatua ya 5: Upepo na mawingu

Asubuhi maji na hewa vimetulia. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo wa ziwani unaingia, na alasiri unaweza kuvua kofia kichwani. Bana kofia kwa pini nne za nywele, mbili kila upande. Jioni upepo unalegea.

Novemba ni vuli. Ngurumo nyingi za ziwa hutokea usiku na alfajiri, hivyo asubuhi unaweza kuamka na wingu zito. Usiahirishe haraka. Wingu jepesi ni kama shuka jeupe mbele ya taa, ngozi inatoka laini mno. Kumbuka tu kwamba hata siku ya mawingu mwanga unatoka juu, kofia bado ni paa, hivyo inua kidevu kidogo na uweke kitu cheupe chini ya kifua, nje ya picha. Karatasi ya manila nyeupe inatosha.

Kuna siku wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kama moshi. Ukiona wingu lao linasogea nchi kavu, hama mara moja, maana wanajaa kwenye mafuta ya midomo na juu ya joho.

Hatua ya 6: Ukilazimika kupiga mchana

Hapa mawe yetu ndiyo msaada. Tafuta jiwe kubwa linalotupa kivuli, lenye bapa la jiwe jingine mbele yake linalopigwa na jua. Msimamishe mhitimu ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka ukingoni, akitazama lile bapa. Granaiti yetu ni ya kijivu, hairudishi rangi ya ajabu. Jua linaigonga na kupanda kuelekea usoni, kutoka chini, yaani palepale kofia isipoweza kuzuia. Nilipoligundua hili nilimpiga kijana mmoja saa 8 mchana, na macho yake yalikuwa na mng'ao kama wa jioni. Sogea sentimita thelathini ndani zaidi, mng'ao unapotea. Sogea nje, jua linachoma pua. Mhamishe polepole mpaka uione nukta machoni.

Mwembe usiutumie kabla ya kutazama chini yake. Jua likipenya majani linaacha madoa meupe juu ya joho na usoni, na hakuna programu itakayoyafuta vizuri.

Hatua ya 7: Weka mwanga kwa ajili ya uso

Joho jeusi linaidanganya kamera ione giza, iongeze mwanga, uso uungue. Ziwa linalong'aa linaidanganya upande wa pili, na ngozi nyeusi inatoka kama kivuli. Kwa hiyo usiiachie kamera iamue. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie mpaka ifunge hapo, kisha telezesha mwanga juu au chini mpaka ngozi ifanane na mtu aliyesimama mbele yako. Kwa kamera, pima kwenye shavu lenye mwanga. Usimpaushe mtu ili apendeze. Anapendeza alivyo. Beba leso ya kufutia jasho. Ngozi ikikauka, mng'ao unaobaki ni wa jua.

Jua likishazama usifunge begi. Una kama dakika ishirini za mwanga wa buluu, mlaini, usio na kivuli hata chini ya kofia. Mweke mhitimu atulie, weka kamera juu ya jiwe isitikisike. Kama ni siku zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inatoka wakati huo, na taa zake zinaanza kuwaka moja moja nyuma ya bega lake.