Somo: Kulinganisha hati fungani (hati za mkopo zinazolipa riba) zilizomo kwenye akiba za Japani na Uswisi

Nchi hizi mbili zina akiba kubwa sana za fedha za kigeni, lakini mstari wa "dhamana" (hati zinazouzwa sokoni, yaani hati fungani na hisa) kwenye majedwali yao haubebi kitu kilekile. Wengi huteleza hapo.

1. Chukua jedwali la akiba la kila mwezi linalofuata mpangilio wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa). La Japani hutolewa na Wizara ya Fedha, la Uswisi na benki kuu. Nenda Sehemu ya I, kipengele A: dhamana, sarafu na amana, nafasi ya nchi ndani ya IMF (fedha inazoweza kuchota humo), SDR (rasilimali ya akiba inayotolewa na IMF), dhahabu, na akiba nyingine. Mwezi uwe mmoja, sarafu iwe moja. Faranga za Uswisi zibadilishe kwa kiwango cha siku ya mwisho ya mwezi, usitumie wastani.

2. Toa hisa. Mstari wa dhamana huchanganya hati fungani na hisa, na benki kuu ya Uswisi huweka takriban robo ya akiba yake ya fedha za kigeni kwenye hisa za kampuni. Usipozitoa, Uswisi itaonekana ina hati nyingi kuliko ilizonazo. Dawa yake ni takwimu za robo mwaka za rasilimali na madeni ya nchi kimataifa, mpangilio wa BPM6 (mwongozo wa IMF wa takwimu hizo), ambako hati za madeni zina mstari wake na hisa mstari wake.

3. Gawa hati fungani kwa akiba yote, kisha rudia bila dhahabu. Dhahabu ikipanda bei, uwiano wa kwanza hushuka hata kama hakuna hati iliyouzwa.

4. Tenganisha bei na mauzo. Hati hupimwa kwa bei ya soko. Tuseme una hati za dola bilioni 400 zenye duresheni (kipimo cha jinsi bei inavyoitikia riba) ya miaka 5: riba ya soko ikipanda kwa asilimia 0.5, zinapungua thamani kwa karibu bilioni 10 bila kuuzwa hata moja.

Sasa tazama Japani. Dhamana zake zilikuwa takriban dola bilioni 978 mwisho wa Aprili 2024, na karibu bilioni 928 mwisho wa Mei. Riba za hati za Marekani, ambazo huaminika kuwa sehemu kubwa ya dhamana hizo, zilishuka mwezi huo, maana yake bei zilipanda, kwa hiyo bei haiwezi kueleza pengo hilo. Wizara ilitangaza kutumia karibu yen trilioni 9.79 kuitetea yen (kuuza fedha za kigeni na kununua yen ili thamani yake isishuke) kati ya Aprili 26 na Mei 29. Hayo ni mauzo.

5. Soma Sehemu ya IV ya jedwali lilelile la kila mwezi uone hati zilizokopeshwa au kuwekwa rehani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisitumie tu takwimu za Hazina ya Marekani za nchi zinazoshikilia hati zake?*
Zile zinajumlisha benki, bima na mifuko ya pensheni ya nchi husika, si akiba pekee. Tena hufuata mahali hati zinapotunzwa: Ubelgiji huonekana na kiasi kikubwa kwa sababu Euroclear, kampuni inayowatunzia wengine hati, iko Brussels.

*Na Kenya na Tanzania je?*
Fungua hesabu zilizokaguliwa za benki kuu, kwenye maelezo ya rasilimali za kigeni. Zote mbili hufunga mwaka Juni 30, kwa hiyo tarehe hazitakusumbua.

*Uwiano wangu umetoka asilimia 640!*
Kagua vipimo, ndugu. Huenda umegawa dola kwa faranga au yen, au jedwali moja liko kwa milioni na jingine kwa bilioni.