Somo: Gari ya zamani ya spoti imegoma kuwaka safarini, anza hapa kabla hujanunua betri

Wakuu habari za kwenu. Naona wadau mnapanga kutoka na mashine za kizamani, wengine Bagamoyo, wengine Lushoto, wengine Mikumi, na hadithi huwa ni ileile, gari imetoka Dar asubuhi iko fresh kabisa, mmefika Chalinze mkashuka mkala mishikaki, mkarudi, ufunguo ukizungushwa gari haiwaki. Hapo zogo linaanza. Mmoja anasema betri, mwingine stata, bodaboda aliyesimama kushangaa anasema plagi, na kabla jua halijasogea umeshanunua betri ambayo gari haikuihitaji.

Nitaongelea zaidi Datsun 240Z, gari ya spoti ya Kijapani, maana ndo gari ninayoijua ndani nje, hiyo hiyo iliyobeba Safari Rally mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na ikarudia 1973 kwa Shekhar Mehta, kwahiyo ukiambiwa haiwezi joto la huku mwambie akasome vizuri. Ila mengi humu yanafaa MGB, Alfa Romeo na chochote chenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche). Kama yako ina kompyuta, pita tu.

Kwenye buti weka multimita (za bei chee zimejaa Kariakoo), waya wa kujampu ulio mnene kweli maana zile nyembamba zinachemka tu hazipeleki umeme, msasa laini, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), spana ya plagi, plagi moja ya ziada, pointi, kondensa, rota, kitambaa na maji. Pembetatu na mtungi wa moto hizo trafiki watakuuliza hata kama gari ni nzima, lakini kwenye gari ya kabureta mtungi uwe karibu na mkono, usiuzike chini ya mabegi.

1. Usifungue kitu, sikiliza kwanza

Gia nyutro, hendibreki juu, jiwe nyuma ya tairi. Washa taa kubwa halafu mtu apige stata huku wewe unaziangalia taa. Taa zikififia sana au kuzima na unasikia tik, shida iko kwenye betri au terminali. Taa zikibaki kali na kimya kabisa, umeme haufiki kwenye stata, fuata swichi na ule waya mdogo wa solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata), mara nyingi umechomoka tu. Inalia tik moja nzito ila taa haziyumbi, solenoidi yenyewe imechoka. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, achana na betri kabisa, ruka mpaka namba 3. Ukikosea hapa ndo unaanza kununua vitu vya bure.

2. Betri na ethi

Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: waya mmoja wa multimita weka kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, piga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) ni mbovu hata betri ingekuwa mpya ya jana.

Na huku kwetu ethi ndo ugonjwa. Gari inayolala Masaki, Mbezi Beach au Kigamboni inapigwa upepo wa chumvi usiku kucha, ule mkanda wa ethi unaotoka injini kwenda bodi unauona mzima kwa nje, ukiuchuna plastiki ndani ni unga wa kijani mtupu. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Hakuna dawa ya kupaka juu juu.

3. Moto wa plagi

Chomoa waya wa plagi moja, chomeka ile plagi ya ziada, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta na usiishike kwa mkono, labda kama unataka kukumbuka siku hiyo maisha yako yote. Kama kuna petroli imemwagika popote, acha kwanza ikauke. Piga stata. Cheche ya bluu inayolia tak tak ni nzuri. Ya njano, nyembamba, inayoruka leo kesho hairuki, ni dhaifu.

Hakuna moto, fungua kofia ya distributa (kinachogawa umeme kwa plagi) uone kama pointi zinafunguka injini ikizunguka. Kwenye 240Z nafasi yake iwe 0.45 mpaka 0.55 ya milimita. Zikiwa na kishimo na kinundu cheusi piga msasa kidogo, futa vumbi, rudisha nafasi. Zinatoa cheche kali zenyewe kwa zenyewe kila zikifunguka? Kondensa hiyo, badilisha, ni kitu cha dakika chache.

Kuna dalili moja naipenda sababu haina ubishi: injini inashika wakati unapiga stata, ukiachia ufunguo tu inazima palepale. Magari mengi ya zama zile yana rezista (kipunguza umeme) ya koili, ile inayokuza umeme wa plagi, wakati wa stata umeme unaikwepa unaenda koili moja kwa moja, ukiachia ndo unapita humo. Rezista ikikatika unapata hiyo kitu. Pima pande zake mbili na multimita utaona.

4. Mafuta, na hapa ndo Chalinze

Inawaka vizuri asubuhi, inakimbia vizuri, ukisimama dakika ishirini inagoma, ikipoa inawaka yenyewe kama hakijatokea kitu. Hilo ni joto. Kwenye injini ya 240Z kabureta na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja, kabureta zimekaa juu ya jiko. Gari ikitembea upepo unapoza, petroli mpya inaingia, poa. Ukizima, feni imesimama, maji hayazunguki, joto lote linapanda, na petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inachemka. Ndo maana dakika chache baada ya kuzima kunakuwa na joto kali zaidi kuliko ulipokuwa barabarani.

Yanatokea mambo mawili tofauti na dawa zake zinapingana, kwahiyo lazima ujue ni lipi. Chomoa plagi moja uiangalie na uinuse. Imelowa, inanuka petroli, basi mafuta yamechemka yakamwagikia ndani, injini imezama. Usivute choki. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ISHIKILIE HAPO, usipampu, piga stata mpaka ishike, ikikohoa usiachie haraka. Plagi ikiwa kavu na hakuna harufu, basi bakuli liko tupu au bomba limejaa mvuke na pampu inasukuma hewa. Hapo fungua boneti, loweka kitambaa maji, zungushia pampu ya mafuta na bomba, subiri, halafu piga stata vipande vya sekunde kumi ukiipumzisha katikati mpaka mafuta yafike. Maji usimwagie ekzosi wala bloku ya injini, chuma cha moto kikipasuka safari imeishia hapo.

Na hii tabia ya kupampu pedali. Kabureta zile za kichwa cha mviringo za 240Z, na SU za MGB, hazina pampu ya kurushia mafuta ukikanyaga, unajichosha mguu tu. Kwenye kabureta za Weber kila ukikanyaga unamwaga petroli ndani, kwa injini ya moto unaizidi kuizamisha. Ijue kabureta yako.

Kinga: ukitoka kwenye mlima kama Kitonga usizime hapohapo, iache inguruma dakika moja mbili. Ukisimama fungua boneti, pua ielekee upepo. Hakikisha ile bati ya kuzuia joto chini ya kabureta ipo, gari nyingi mtu aliitoa zamani akaona inamsumbua kufikia nati.

Maswali ya wadau

Mdau wa Kimara: Mkuu yangu stata inazunguka vizuri asubuhi, ikipata moto inazunguka kivivu kama inabembelezwa. Betri nimebadilisha mara mbili.

Jibu: Betri zako zote mbili zilikuwa nzima kaka. Shaba ikipata joto inazidi kuuzuia umeme, na stata yako ipo jirani na moto. Anza na kile kipimo cha ethi ila kifanye injini ikiwa ya MOTO, ikiwa baridi itakudanganya. Halafu pima hivyohivyo kwenye waya mnene wa chanya. Zikiwa safi zote, peleka stata ikafunguliwe kaboni na bushi, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Mdau wa Upanga: Nina MGB ya 1965, naambiwa nisijampu na gari ya kisasa itaunguza. Kweli au maneno ya mtaani?

Jibu: Kuna ukweli ndani yake dada. MGB za mpaka 1967 ethi yake ni chanya, bodi nzima ni chanya, ya mwenzio bodi ni hasi. Bado ni chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ila magari YASIGUSANE hata bampa, yakigusana umefunga shoti. Betri zako ni mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa, hakikisha unashika ncha za mwisho na sio ule waya wa katikati. Hasi funga kwanza, halafu chanya malizia kwenye chuma cha bodi yako mbali na betri, cheche isirukie gesi ya betri. Na ukiwasha ufunguo tu bila stata sikiliza nyuma, pampu ya umeme lazima ilie tik tik tik kisha inyamaze. Ikiwa kimya toka mwanzo igonge kidogo na mpini wa bisibisi, pointi zake huwa zinanata.

Mdau wa Tabata: Kusukuma je? Sisi huwa tunasukuma tu, gia ya pili, klachi, imewaka.

Jibu: Inafaa kama stata ndo mbovu au betri imechoka kidogo. Betri ikiwa imekufa kabisa na gari ina alteneta mtasukuma mpaka Mlandizi, alteneta inahitaji umeme kidogo kuanza kuchaji na koili nayo haina kitu. Zile za dainamo (jenereta ya kizamani) zina nafuu. Na kama injini imezama mafuta, kusukuma hakusaidii mpaka uikaushe.

Mdau wa Kimara: Nimepima ikiwa ya moto, upande wa ethi inasoma 1.3.

Jibu: Ndo hiyo. Mkanda mpya, piga msasa pande zote mbili, na hizo betri zirudishe moja kazini nyingine uza.