Jinsi ya Kuiomba Shule Imwezeshe Mtoto Mwenye Mgongo Wazi Kutumia Mpira wa Mkojo

Mtoto mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri, ambaye kibofu chake hakijimwagi ipasavyo huhitaji kutolewa mkojo kwa mpira safi (mrija mwembamba unaoingizwa kibofuni) kila baada ya saa 3 hadi 4, kwani mkojo unaokaa kibofuni huweza kuleta maambukizi na hatimaye kuharibu figo. Aliyehudumiwa nyumbani saa 12 asubuhi atahitaji huduma hiyo tena saa 4, akiwa darasani. Kwa hiyo mzazi aliyeko Tanzania apeleke ombi lake shuleni kabla muhula haujaanza.

Anzia kliniki. Mwombe daktari au muuguzi akuandikie barua yenye muhuri, inayotaja saizi ya mpira, saa za kuutumia, na iwapo mtoto hujihudumia mwenyewe au husaidiwa. Barua itamke pia kwamba vifaa vya lateksi, yaani mpira wa asili, viepukwe, kwa sababu watoto wenye mgongo wazi wamo katika hatari kubwa ya kupata mzio wa lateksi, nayo imo katika glavu nyingi na hata katika maputo ya sherehe za shule. Ikiwa mtoto amewekewa shanti, yaani mrija wa kuondoa maji yanayozidi kichwani, ziandikwe dalili za hatari, yaani kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia kusiko kwa kawaida, pamoja na namba ya simu ya kupigiwa mara moja.

Kisha mwandikie Mwalimu Mkuu. Usiombe tu mtoto "aangaliwe", neno ambalo kila mwalimu atalielewa kwa namna yake. Omba chumba chenye mlango unaofungika, maji na sabuni. Omba mtoto atoke darasani saa 4 bila kujieleza mbele ya wenzake. Na omba atajwe mtu mmoja wa kumsaidia, pamoja na wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, ambatisha barua ya daktari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Katika kikao na shule kuhusu ombi hilo, mtoto naye aulizwe yupi angependa amsaidie. Jambo hili husahauliwa mno, ilhali mwili unaoguswa ni wake. Muuguzi wa kliniki amwelekeze mtu huyo kwa vitendo, na habari za mtoto zibaki kwa wanaohusika tu. Mzazi asikubali sharti la kushinda shuleni kila siku ili mwanawe asome.

Zikipita wiki mbili bila jibu, peleka nakala kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri, na nyingine kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Ombi likikubaliwa, mfuko wa mtoto uwe na mipira, jeli ya kuilainisha, sabuni na nguo za kubadilisha, na barua ya daktari iombwe upya kila saizi ya mpira au saa za huduma zinapobadilika.